Kuondoa Mikwaruzo Midogo ya Rangi ya Gari Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari Mombasa

Mkwaruzo wa kwanza kulipata gari langu ulikuwa mrefu kama ufito, kuanzia madigadi ya mbele hadi mlango wa nyuma. Tuktuk ilijipenyeza ubavuni kwenye kichochoro cha Kuze, nikasikia "kwaaa", na nilipotoka kuangalia mwenyewe keshafika mbali. Usiku ule sikulala vizuri. Mwezi huohuo kokoto kutoka gurudumu la lori, barabara ya Changamwe, ilidonoa boneti ikaacha kidonda kisichozidi punje ya mtama. Hicho sikukijali hata kidogo.

Basi ule mkwaruzo mrefu ulitoka kwa dakika arubaini za kusugua kwa mkono. Ile punje ya mtama, kufikia mwisho wa masika, ilikuwa doa la kutu ukubwa wa kifungo cha kanzu, na rangi kandokando yake imefura kama hamri. Fundi alilazimika kusaga hadi kwenye bati na kupiga rangi boneti nzima.

Wengi wetu tunakosea hapohapo. Tunapima mkwaruzo kwa urefu wake na kwa jinsi unavyotuudhi, wakati kinachohesabika ni kina. Mkwaruzo wa juujuu unaweza kukaa hadi mwakani na gari lisidhurike. Uliofika kwenye bati haukungoji, hasa ukiwa unaegesha Kizingo, Nyali au popote upepo wa bahari unapofika, na katika mji huu ni wapi usipofika?

Unachokisugua ni chembamba kuliko unywele

Juu ya bati kuna praima, ile rangi ya msingi, ambayo mara nyingi ni ya kijivu au nyeupe. Juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna klia, ile ngozi inayopitisha mwanga na kulipa gari mng'aro wake. Kwa gari lililopigwa rangi kiwandani, ngozi zote hizo kwa pamoja huwa kama maikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa kichwani una upana wa karibu maikroni 70.

Na kusugua mkwaruzo si kuuziba. Unaposugua unashusha klia ya kandokando hadi ikaribiane na sakafu ya mkwaruzo, ili mwanga usikatike tena pale. Huzibi shimo, unashusha uwanja. Kila unaposugua unapunguza akiba ambayo hairudi, ndiyo maana mtu mwenye busara huanza na kitu laini kabisa na kuacha mapema, hata kama kivuli cha mkwaruzo bado kinaonekana ukiinama.

Magari mengine, hasa pikapu za zamani na magari ya kazi yenye rangi moja isiyo na chembe za kumeta, hayana klia kabisa. Kujua ni rahisi: tia kompaundi (ile dawa nzito ya kusugulia rangi ya gari) kidogo kwenye kitambaa safi, sugua mahali pa maficho, kisha tazama kitambaa. Kikichukua rangi ya gari, hakuna klia. Gari likiwa jeupe tumia kitambaa cheusi, maana kwenye cheupe hutaona kitu. Gari la namna hiyo husuguliwa vilevile, ila ujue kuwa unachokiondoa ni rangi yenyewe.

Kuna hali moja ambayo nakusihi usipoteze pesa zako. Kama paa au boneti ina mabaka yaliyopauka na klia inabambuka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua, hakuna kompaundi wala nta itakayosaidia. Klia imekufa. Hapo ni kazi ya kupiga rangi upya.

Vipimo vya bure kabla ya kununua chochote

Osha mahali hapo kwanza, kaushe, ndipo upime. Nimewahi kumwona mtu akihuzunikia mkwaruzo ambao ulikuwa tope lililokauka.

Angalia kama alama imezama au imeinuka. Iliyoinuka si mkwaruzo, ni rangi ya mwenzako iliyobaki kwako. Ukikuta mfuo wa njano kwenye mlango wa gari jeupe, hapana haja ya kupiga ramli: ni ule mstari wa njano wa matatu. Huo ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote, na mara nyingi chini yake rangi yako ni nzima.

Halafu lowesha kwa maji. Mkwaruzo ukipotea ukiwa majimaji na kurudi unapokauka, umo ndani ya klia tu. Maji yanajaza ule mfuo na mwanga unapita bila kutawanyika. (Hii pia ndiyo siri ya wale wanaopaka mafuta ya nazi au dawa ya kulegeza nati na kudai mkwaruzo umetoka. Haujatoka, umejazwa. Subiri uoshe gari mara mbili.)

Kisha pitisha ukucha kwa kukata mkwaruzo, usiufuate urefu wake. Ukucha ukiteleza, kusugua kwa mkono kunatosha. Ukisita kidogo, huenda ukahitaji msasa. Ukikwama kabisa, tazama ndani kwa tochi ya simu: kijivu au weupe usiofanana na rangi ya gari ni praima, mmeto ni bati, wekundu ni kutu.

Bampa za magari mengi ya sasa ni za plastiki. Chini ya rangi utaona weusi au kijivu, lakini plastiki haishiki kutu, kwa hiyo bampa inaweza kungoja. Ukiwa na muda wa kurekebisha kitu kimoja tu Jumamosi hii, acha bampa iliyochubuka, shughulikia kile kidonda kidogo cha kwenye boneti au ukingo wa mlango.

Vitu vya kununua

Kwa mikwaruzo ya klia unahitaji kompaundi laini, polishi, nta ya gari, sponji mbili tatu za kupakia, vitambaa vinne au vitano vya maikrofaiba, na selotepu ya karatasi wanayotumia mafundi wa rangi. Kama utaingia kwenye msasa, nunua ule wa maji, namba 2000 na 3000. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini. Ule wa namba 400 au 600 ambao fundi wa jirani atakupa kwa moyo mkunjufu ni wa kuandaa bati na puti (ile dawa ya kuziba mabonde ya bati), usiuguse kwenye klia.

(Neno lenyewe msasa ni jina la mti, mkuyu wa aina yake, ambao majani yake yana ukali kiasi kwamba maseremala wa zamani walilainishia mbao. Majani hayo nayo usiyajaribu kwenye gari.)

Fulana kuukuu ina mishono, na kipande cha leso, ingawa ni pamba, hukamata mchanga na kuuburuza. Leso ikufutie mikono tu. Dawa ya meno inaweza kupunguza mkwaruzo mwepesi sana kwa kuwa ina ungaunga wa kusugulia, lakini ungaunga huo ulipimwa kwa meno. Waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya unga ya masufuria viache jikoni, jamani.

Mashine ya kung'arishia inayozunguka kwa kasi usiiazime kwa kazi yako ya kwanza. Inachoma klia kabla hujajua imeanza.

Mahali na saa

Hapa Mombasa saa ya kazi ni nusu ya kazi. Boneti iliyoanikwa juani adhuhuri hukausha kompaundi papo hapo ikawa chokaa, na hiyo chokaa ukiisugua inaongeza mikwaruzo. Kwa kuosha, kusugua na kung'arisha, anza saa 12 asubuhi umalize kabla ya saa 3, au ngoja baada ya swala ya alasiri. Weka kiganja juu ya bati: kama huwezi kukiacha pale kwa utulivu, rudi kunywa chai.

Kwa kupaka rangi au klia mpya, mambo ni kinyume. Alfajiri hewa yetu imejaa unyevu, na rangi inayokauka ndani ya unyevu huo huingia ukungu mweupe. Rangi ya kopo la kupuliza ndiyo huathirika zaidi, maana ile gesi inapotoka hupoza bati na unyevu ukaganda juu yake. Basi rangi ipakwe kati ya saa 3 na saa 5, umande umekwisha, gari likiwa kivulini. Kati ya Aprili na Juni, masika ikiwa imekolea, mimi huahirisha kazi yote ya rangi. Naziba tu kidonda kwa muda, kwa jinsi nitakavyoeleza mbele.

Kivuli nacho kina adabu zake. Chini ya mwembe kuna utomvu, chini ya mkilifi kuna kunguru, na kunguru wa Mombasa hahitaji kutambulishwa. Paa la makuti hudondosha vumbi na vipande siku nzima. Kivuli cha ukuta wa nyumba ni bora kuliko vyote hivyo.

Kuosha, na shida ya maji ya kisima

Chukua ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji. Ukitumia moja utakuwa unachota mchanga uleule na kuupaka tena. Mwaga maji mengi kwanza ili mchanga uondoke wenyewe, ndipo uguse kwa sponji, kuanzia juu kushuka chini. Siku ya kurekebisha rangi unaweza kutumia sabuni ya vyombo kwa kuwa inaondoa nta iliyokuwepo. Siku za kawaida tumia shampuu ya gari.

Visima vingi vya mjini vina chumvi. Ukiosha gari kwa maji hayo na kuliacha likauke, madoa meupe yatabaki, na madoa hayo yakirudiwa mara kwa mara juani huila klia. Kama huna maji ya mfereji siku hiyo, osha kwa ya kisima lakini suuza kwa ndoo moja ya maji matamu, hata kama umeyanunua kwa mkokoteni, kisha kausha mara moja. Maji ya mvua uliyokinga kwenye pipa ni mazuri sana kwa kulowekea msasa.

Kuondoa rangi ya gari jingine

Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, shikilia juu ya alama kwa nusu dakika, kisha futa. Ikigoma, tumia kompaundi laini. Tina, kile kiyeyusha rangi kinachoshika moto upesi, iwe ya mwisho. Weka tone dogo kwenye kitambaa, futa mara moja au mbili, kisha osha kwa maji ya sabuni. Gari la rangi ya kiwandani huvumilia mguso huo, ila lililopigwa rangi hapa mitaani kwa rangi ya bei nafuu linaweza kuyeyuka mkononi mwako, kwa hiyo jaribu kwanza ndani ya mlango, mahali pasipoonekana. Bampa na vitu vya plastiki visiguswe na tina kabisa. Na kama mlangoni pako kuna jiko la mama wa viazi karai, hamia upande mwingine wa nyumba kabla hujafungua kopo.

Kusugua kwa kompaundi

Hii ndiyo hatua itakayokumalizia sehemu kubwa ya mikwaruzo, nayo haihitaji ubingwa.

Zungushia eneo selotepu ya karatasi, hasa ukingo wa taa, mpira wa dirisha na plastiki nyeusi, kwa sababu kompaundi ikiingia kwenye plastiki yenye vinyweleo huacha weupe usiotoka kwa urahisi. Fanya kazi kwenye kipande kisichozidi sentimita 40 kwa 40. Tia kompaundi ukubwa wa punje tatu za kunde kwenye sponji yenye unyevu kidogo, isambaze kwa kupapasa, kisha sugua kwa mistari iliyonyooka: kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Watu hupenda kuzungusha duara kama wanaosonga ugali. Duara likibakiza alama, jua litaionyesha kutoka pande zote. Mstari ulionyooka unaonekana kutoka upande mmoja tu.

Kandamiza kwa vidole vilivyolala bapa. Ukitumia ncha ya kidole kimoja utachimba bonde. Baada ya dakika mbili hivi kompaundi itaanza kuwa nyepesi kama mafuta. Futa kwa maikrofaiba safi, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni.

Umepungua nusu? Rudia. Haukupungua hata kidogo baada ya mara tatu? Usiongeze nguvu. Mkwaruzo huo una kina kuliko dawa yako, na sasa una uamuzi wa kufanya: uuache hivyo au uingie kwenye msasa.

Mimi kwa mlango wa gari la kila siku huuacha. Mkwaruzo uliolainishwa kingo zake, ukiutazama umesimama hatua mbili, huuoni, na klia imebaki.

Msasa wa maji, kwa wasio na pupa

Ukiamua kuendelea, loweka msasa namba 2000 kwenye maji yenye matone ya sabuni kwa robo saa. Uzungushe kwenye kitu kigumu kidogo lakini chenye kunyumbuka, kama kifutio kikubwa cha shule. Mwaga maji juu ya mkwaruzo, sugua taratibu mikupuo kumi hivi, ukiwa huandami mkwaruzo kwa urefu wake bali unaukata kwa mshazari. Futa, tazama. Patakuwa pamefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, nawe utaogopa. Usiogope, kufifia huko ni kwa kawaida. Ndani ya eneo hilo lililofifia mkwaruzo utaonekana kama uzi unaong'aa. Uzi ukikaribia kupotea, acha. Hamia namba 3000, mikupuo ishirini hadi eneo lianze kung'aa kidogo, kisha kompaundi, kisha polishi.

Tazama maji yanayotiririka. Maji meupe kama tui la nazi ni klia. Yakianza kubeba rangi ya gari, simama hapohapo, umetoboa. Kwenye gari jeupe alama hiyo haipo, maana klia na rangi zote hutoa maji meupe. Wenye magari meupe, ambao hapa kwetu ni wengi, wasugue nusu ya wenzao.

Na usipitishe msasa kwenye kingo za milango, mikunjo ya bati na ncha za boneti. Klia pale ni nyembamba zaidi, na msasa hukandamiza ukingo kuliko bapa. Nalisema hili kwa aibu. Mlango wa nyuma wa gari langu la kwanza una ukanda wa urefu wa kidole ambapo nilitoboa klia hadi nikaona rangi inafifia. Jirani yangu, mtu mzima aliyekuwa amekaa barazani na kahawa yake, alinitazama kitambo kisha akauliza, "Mwanangu, gari waosha ama wanyoa?"

"Natoa mkwaruzo, ami."

"Watoa mkwaruzo na rangi pamoja."

Kidonda kilichofika kwenye praima au bati

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kazi ni ndogo lakini ina siku nyingi za kungoja, na anayeiharibu ni mwenye haraka.

Anza na namba ya rangi. Kwenye Toyota itafute kwenye kile kibati cha chuma kilichobandikwa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na sehemu ya abiria, au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tazama palipoandikwa C/TR au COLOR. Namba 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha ya kumeta, 070 ni nyeupe ya lulu. Maduka ya kuchanganya rangi za gari yatakuchanganyia kichupa kidogo kwa namba hiyo. Lakini jua hufifisha rangi, na magari mengi yaliyoshushwa bandarini Kilindini yakiwa yametumika yalishawahi kupigwa rangi pengine. Kwa hiyo fungua kile kifuniko kidogo cha nje cha tangi la mafuta, ukiweza kukitoa kitoe, ukipeleke dukani wakilinganishe kwa macho mchana, nje ya duka, sio chini ya taa.

Mwenye nyeupe ya lulu nimwambie mapema: rangi hiyo ina tabaka tatu, na kichupa hakitawahi kufanana nayo sawasawa. Paka kwa ajili ya kuzuia kutu, sio kwa ajili ya urembo. Rangi za kumeta nazo huacha kijidoa ukikaribia, kwa sababu vile vichembe vya kumeta hulala tofauti vikipakwa kwa brashi.

Safisha kidonda kwa spiriti ya famasi, ile isiyotiwa mafuta, iliyozimuliwa na maji kiasi sawa. Petroli huacha mafuta, iache. Kama kuna kutu, ikwangue kwa ncha ya msasa uliokunjwa au sindano hadi uone bati safi, bila kupanua kidonda. Kutu iliyojificha kwenye vitundu ipakwe dawa ya kugeuza kutu kwa kijiti cha meno. Zile zenye asidi fosforiki huifanya nyeusi na kuisimamisha. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, futa, kausha.

Kama umefikia bati, praima haikwepeki. Rangi iliyopakwa juu ya bati tupu hushika wiki chache kisha huinuka, na chumvi ikaingia chini yake. Tone moja la praima kwa kijiti cha meno, ndani ya kidonda tu. Liache likauke, nami husubiri hadi siku ya pili kwa sababu ya unyevu wetu. (Hii ndiyo ile ziba ya muda niliyotaja: wakati wa masika, chagua mchana mkavu, safisha, tia praima, ngoja jua la uhakika.)

Tikisa kichupa cha rangi dakika mbili kamili. Ile brashi iliyo kwenye kifuniko ni nene mno. Tumia kijiti cha meno au brashi nyembamba ya kuchorea, gusa katikati ya kidonda na uache rangi ijitawanye yenyewe hadi kingoni. Tabaka moja jembamba, nusu saa hadi saa moja, kisha la pili, la tatu. Rangi inaponywea hushuka, kwa hiyo malizia ikiwa imeinuka kidogo sana juu ya uwanja. Siku inayofuata tia klia kwa namna hiyohiyo, matone mawili kwa kupishana.

Sasa ngoja wiki nzima. Ukipitisha msasa siku ya tatu, rangi itakuja na msasa.

Baada ya wiki, bandika kipande cha msasa namba 2000 ukubwa wa ukucha kwenye mgongo wa penseli, lowesha, na ushushe kile kilima tu hadi kilingane na uwanja. Penseli inakuzuia kula klia nzima ya kandokando. Kisha 3000, kisha kompaundi kama ulivyokwisha fanya.

Neno moja kuhusu klia ya mchanganyiko, ile yenye kikaushio chake kando. Ni ngumu na inadumu kuliko ya kawaida, lakini kikaushio chake kina kemikali za aina ya isosayaneti ambazo huharibu mapafu, na kitambaa ulichofunga puani hakizuii kitu. Kwa matone ya kijiti cha meno klia ya kawaida inatosha. Kazi inayohitaji kupuliza ile nyingine mpelekee mwenye barakoa na chumba chake.

Nta, na hali ya baadaye

Mahali ulipong'arisha bila kupaka rangi mpya, tia nta siku hiyohiyo, ukipaka kiasi cha kuona ukungu mwembamba tu. Mahali penye rangi mpya pasitiwe nta kabla ya siku 30, maana rangi bado inapumua. Kwa mtu anayeegesha karibu na bahari, nta kila baada ya miezi miwili au mitatu si anasa. Chumvi hukaa juu yake na kuondoka kwa maji.

Weka chupa ndogo ya maji na kitambaa kimoja ndani ya gari kwa ajili ya kinyesi cha kunguru. Kikikauka juani hula klia kwa siku chache na kuacha alama yenye umbo lake. Usikikwangue kikiwa kikavu. Kilowanishe, subiri dakika mbili, kiinue.

Kichupa cha rangi kilichobaki futa mdomo wake, kifunge vizuri, ubandike selotepu ya karatasi na kuandika namba ya rangi na tarehe uliyonunua. Kikae kabatini nyumbani, penye ubaridi. Changu cha kwanza nilikiacha kwenye kidroo cha gari wakati wa kaskazi, nikakikuta kimefura, kifuniko kimebenuka, na kitabu cha gari kimekuwa rangi ya fedha.